Rivyuu: dawati la sheria la bure hapa Eastlands, kwa wale wamechomewa na aliyechoma akapewa kifungo cha nje

Nyota nne kwa tano, na hiyo moja nitaeleza imeenda wapi. Hawa watu hawana bango, wanakaa Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa, mawakili wachache wa kujitolea na wanafunzi wa sheria wa chuo, na jina lao silitaji juu waliniomba, wako wachache na foleni tayari ni ndefu. Ukiuliza kwa chifu ama wazee wa Nyumba Kumi utaelekezwa.

Naandika juu kila moto ukitokea huku kwetu na mtu akishikwa, swali linarudi lile lile: jamaa amewasha moto, amekubali makosa mbele ya hakimu, amepewa adhabu kama ya mwizi wa kuku, sasa sisi tuliochomewa tunaenda wapi? Wengi wanaambiwa imeisha, rudini nyumbani. Haijaisha, na hawa watu wa dawati ndio walitufungua macho, kwa hivyo nitaeleza kwa urefu venye walifanya kazi ndio usiende huko mkono mtupu.

Kesi yetu kwa ufupi. Ploti ya mabati, vyumba vimepangana mlango kwa mlango, jamaa aligombana na mpangaji mwenzake juu ya deni, akarudi usiku na jerikani ya petroli akamwaga mlangoni na watu wamelala ndani. Tulitoka wote wazima isipokuwa mtoto mmoja aliyeungua mguu. Cherehani, magodoro, vyeti vya shule, vyote majivu. Jamaa alishikwa asubuhi hiyo hiyo, akashtakiwa kwa kuchoma jengo kimakusudi, siku ya kusomewa mashtaka akasema ni ukweli, na baada ya ripoti ya afisa wa probesheni hakimu akampa miaka 3 kifungo cha nje. Miaka 3 ndiyo mwisho wa probesheni kwa sheria yetu, haiwezi kuzidi hapo, kwa hivyo mtu anaweza sema alipewa ya juu kabisa, lakini alitoka kortini akipanda matatu moja na mama ya huyo mtoto. Hiyo sitaisahau.

Sasa huduma yenyewe. Kitu cha kwanza nilichopenda ni kwamba dada aliyetuhudumia hakutuuliza tunataka jamaa afungwe miaka mingapi, alituuliza tuna karatasi gani. Charge shiti, yaani karatasi ya mashtaka, tulikuwa nayo, namba ya OB, ile ya kitabu cha ripoti pale polisi, tulikuwa nayo, karatasi za hospitali za mtoto zilikuwa na mamake. Akauliza prosidingi, yaani yale hakimu aliandika kila siku ya kesi, na uamuzi wa adhabu. Hatukuwa nazo na hatukujua mtu anaweza kuziomba. Akatuandikia barua hapo hapo ya kuomba nakala kwa rejista ya korti, akatuambia ada iko hapo ya kulipwa na tudai risiti, na tusirudi kwake bila hizo karatasi. Shosho wetu wa ploti, ambaye alipoteza kila kitu, alikasirika kidogo, akasema yeye amekuja kusikizwa si kutumwa. Dada akamshika mkono akamwambia, "Shosho, hasira yako ni haki yako, lakini jaji hatakuona uso, atasoma faili." Shosho akauliza, "Na faili inasema nini mwanangu?" Dada akasema hapo ndipo tutajua tukiileta.

Mkirudi na karatasi ndio mnapewa wakili mwenyewe, na hapa ndipo nyota zao zimetoka. Wakili alituketisha akaanza na sheria polepole, kwa Kiswahili, bila kuturushia maneno makubwa. Kuchoma nyumba iko kifungu cha 332 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Inaweza kufika, si lazima ifike, kwa sababu kifungu cha 26 kinamruhusu hakimu kushuka chini ya hapo kulingana na kesi. Kujaribu kuchoma ni hadi miaka 14, kuchoma mimea shambani pia miaka 14. Shosho akadakia kwamba amesikia kifungo cha maisha kiliondolewa Kenya, na wakili hakumpuuza, akamwambia kweli mwaka wa 2023 Korti ya Rufaa kule Malindi ilisema kifungo cha maisha kisicho na mwisho kinavunja katiba, lakini Korti ya Juu, ile ya mwisho kabisa nchini, ikageuza hiyo Aprili 2025, kwa hivyo maisha bado iko kwa vitabu. Halafu akatuambia wazi kwamba kwa kesi ya mtu aliyekubali kosa, hana rekodi ya nyuma, na hakuna aliyekufa, tusitarajie maisha na asitudanganye mtu. Watu wawili kwenye kikundi chetu walinuna hapo lakini mimi niliona bora tuambiwe mapema kuliko tungoje miezi tukiota.

Halafu ile sehemu ambayo wengi hawajui. Sisi tuliochomewa hatukati rufaa. Kesi ya jinai ni ya serikali dhidi ya mshtakiwa, kwa hivyo wenye kesi ni hao wawili. Aliyefungwa ndiye ana siku 14 za kukata rufaa kwenda Korti Kuu, na akiwa amekubali makosa rufaa yake inabaki kwa adhabu peke yake, kama ni halali na kama imezidi. Na hiyo rufaa ina makali pande zote mbili juu kifungu cha 354 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinaipa Korti Kuu uwezo wa kupunguza au kuongeza, ndiyo maana wakili mzuri humwambia mteja wake afikirie mara mbili. Kuna uamuzi wa Korti ya Rufaa wa mwaka wa 2013, JJW v Republic, unaosema mtu asipandishiwe adhabu kwa kushtukizwa, lazima awe ameonywa ama upande wa mashtaka uwe umeomba hivyo waziwazi, ndio ajitetee ama aondoe rufaa yake.

Kwetu sisi jamaa hakukata rufaa, na angekata kwa nini, ako nje. Kwa hivyo mlango uliobaki unaitwa rivisheni, vifungu vya 362 hadi 364 vya Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75. Korti Kuu inaweza kuita faili ya korti ya chini ikaangalia kama uamuzi ama adhabu ni sahihi, ni halali na inafaa, na ikiona haifai inaweza kuiongeza. Wakili alitusomea ile sehemu inayosema faili inaweza kufika kwa jaji kwa kuitwa, kwa kuletwa, ama kwa njia nyingine yoyote ile habari imfikie. Hiyo njia nyingine yoyote ndiyo inafungulia hata raia wa kawaida mwenye barua. Lakini akashauri tusiruke upande wa mashtaka, tuandikie ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ODPP, wao ndio wenye kesi na ombi likitoka kwao lina uzito. Akaongeza mipaka yake pia: Korti Kuu kwa rivisheni haiwezi kumgeuza aliyeachiliwa kuwa na hatia, haiwezi kupita adhabu ambayo yule hakimu mwenyewe angeweza kutoa kwa hilo kosa, na haiwezi kumwongezea mtu hata siku moja kabla hajapewa nafasi ya kusikizwa. Kijana mmoja wetu akauliza kwa nini huyo asikizwe na sisi hatukusikizwa. Swali la haki kabisa. Wakili akasema nyinyi pia mlikuwa na nafasi, Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inampa mwathiriwa haki ya kueleza korti venye kosa limemwathiri kabla adhabu haijatolewa, na mwaka wa 2020 Korti ya Juu ikaamua kwenye kesi ya Joseph Lendrix Waswa kwamba mwathiriwa ana sauti ndani ya kesi, si mtazamaji tu. Kwetu hakuna aliyetuambia. Siku ya adhabu tulikuwa nje kwenye veranda tukingoja kuitwa.

Basi akafungua prosidingi. Hapa mtu wangu ungependa kuona mtu anayejua kazi yake akiifanya. Alitueleza kwamba jaji haongezi adhabu kwa sababu yeye angetoa kubwa zaidi angekuwa yeye ndiye hakimu. Kipimo ni cha zamani na kinafuatwa mpaka leo, kuna kesi ya Ogolla ya 1954 na kuna Wanjema v Republic ya 1971: korti inayopitia kazi ya korti ya chini haiingilii adhabu isipokuwa ionekane aliyetoa alisahau jambo la maana, ama alitia maanani jambo lisilohusika, ama alifuata kanuni mbovu, ama adhabu yenyewe kwa hali ya ile kesi imepita kiasi. Kwa hivyo kazi si kulalamika kwamba miaka ni michache, kazi ni kutafuta ndani ya faili ni nini kimesahaulika.

Na kilikuwemo. Maelezo ya kesi yaliyosomwa na prosekuta, ambayo jamaa mwenyewe aliyakubali, yanasema ilikuwa usiku, watu wamelala ndani, petroli ilimwagwa mlangoni, mtoto akaungua. Ukifika kwa uamuzi wa adhabu, hakimu ameandika amekubali makosa bila kusumbua korti, hana rekodi, ana familia, afisa wa probesheni ameripoti vizuri, anajutia. Watu waliolala hawako. Mlango hauko. Mtoto hayuko. Afisa wa probesheni naye alienda kwao kijijini akaongea na familia yake, sisi kwenye ploti hatukuona mtu. Wakili akazungushia mahali hapo kwa kalamu nyekundu akasema barua yetu yote itasimama juu ya hizi mistari miwili, yale yaliyokubaliwa na yale yaliyosahaulika, na tusiongeze chumvi. Mwingine alitaka tuandike jamaa ni mvutaji na ni mtu wa vurugu mtaani, akakatazwa, haiko kwenye faili.

Kuna mama aliyekuwa kwenye foleni nyuma yetu akauliza mbona basi kwa moto wa Moi Girls mwaka wa 2017 wasichana walikufa na aliyepatikana na hatia akapewa miaka 5 mwaka wa 2022. Wakili alimjibu kwa upole sana juu alionekana ana uchungu wa karibu. Alisema ile haikuwa hukumu ya kosa la kuchoma jengo, ilikuwa ya kuua bila kukusudia, ilitolewa na Korti Kuu yenyewe, kwa hivyo hakuna rivisheni hapo, ya kutoka Korti Kuu ni mpaka Korti ya Rufaa, na tena aliyehukumiwa alikuwa mtoto wakati moto unatokea, na umri kwa sheria ni jambo zito. Mimi binafsi bado naona miaka 5 ni kidogo. Lakini nilielewa kwa nini huwezi kuchukua kesi moja ukaiweka juu ya nyingine ukapima kwa idadi ya majeneza.

Jambo lingine lililonifanya niwaamini. Nje ya korti kuna broka alikuwa ametuambia anajua karani wa jaji, tukichanga pesa faili itafika kwa mtu anayependa vifungo virefu. Tulipomwambia dada wa dawati alisimama kabisa. Akasema tukitoa hata shilingi moja kwa huyo mtu hatatuhudumia tena, na kwamba hiyo pesa ikijulikana inaweza kuharibu kesi yote na kutupeleka sisi ndani. Hao wenyewe hawachukui chochote, hata soda tulipelekea wakagawia watoto waliokuwa kwenye foleni.

Barua iliandikwa, kurasa mbili, ikawekewa nakala ya prosidingi, uamuzi wa adhabu na karatasi ya hospitali, tukaipeleka wenyewe kwa ofisi ya ODPP barabara ya Ragati kule Upper Hill, wakapiga mhuri nakala yetu. Dada alisisitiza huo mhuri kuliko kitu chochote. Kwa rivisheni ile siku 14 ya rufaa haikufungi namna ile ile, lakini alisema tujifanye inatufunga, mtu akishazoea kuwa nje, amepata kazi, amehudhuria probesheni vizuri, jaji atasita kumrudisha ndani na atakuwa na sababu. Na ni kweli ukifikiria.

Upande wa mashtaka uliomba rivisheni, jamaa akapewa notisi, akaja na wakili, akasikizwa. Jaji alisema kwa lugha yake yale yale ya kalamu nyekundu, kwamba korti ya chini haikugusa kabisa hatari kwa watu waliokuwa wamelala, akaondoa probesheni akaweka kifungo cha miaka 6, na muda aliokaa rimandi ukahesabiwa juu ndivyo kifungu cha 333 cha hiyo Sura ya 75 kinavyotaka. Alizingatia pia kukubali makosa na akasema bila hiyo ingekuwa zaidi. Kwenye ploti tumegawanyika, kuna wanaosema 6 bado ni kidogo, shosho anasema yeye alitaka tu mtu mkubwa aandike kwamba kulikuwa na watu ndani ya hiyo nyumba, na imeandikwa.

Sasa ile nyota iliyopotea. Barua ya kwanza waliiandika kwa Kiingereza kigumu na wakataka tuweke sahihi mara moja, ikabidi mimi niombe isomwe kwa Kiswahili kwanza, na ikasomwa, lakini nani angeomba kama sikuwepo? Wamama watano wanaweka sahihi kitu hawajui. Pili hawakutuandaa kwa kungoja. Walieleza sheria yote vizuri lakini hakuna aliyesema faili inaweza kuitwa na ikachukua miezi kufika, na watu walikuwa wanaacha vibarua kwenda kuuliza. Tatu, fidia. Tuliingia tukiwa na maswali ya vitu vilivyoungua na tukatoka bila jibu la kutosha, najua sheria inataja fidia kwa mwathiriwa, lakini wao nguvu yote walipeleka kwa kifungo. Mtu aliyepoteza cherehani anahitaji jibu la cherehani pia.

Nimesoma baadaye venye Uingereza wanafanya na imenikaa kichwani. Kule tangu 1989 mtu yeyote, hata asiyehusika na kesi, anaweza kumwandikia Mwanasheria Mkuu wao kwamba adhabu fulani ni nyepesi kupita kiasi, bure, kuna siku 28 tangu adhabu itolewe, na Mwanasheria Mkuu akikubali anapeleka Korti ya Rufaa ambayo inaweza kuongeza. Si kila kosa linaingia, lakini kuchoma kwa kuhatarisha maisha ya watu liko ndani, na kosa lenyewe linaweza kufika maisha kama letu. Kipimo chao hakiko mbali na chetu, adhabu lazima iwe nje kabisa ya kile jaji mwenye akili timamu angeona kinafaa. Tofauti ni kwamba kule mlango umeandikwa, raia anajua anabisha wapi na mpaka siku gani. Hapa mlango upo lakini unahitaji dawati la kanisani ukuonyeshe, na hilo ningetaka sana libadilike, hata kama ni karatasi moja ya Kiswahili ukutani kwa kila rejista: adhabu ikikuonea, andika hapa.

Kama huku kwetu ni mbali kwako, kuna Kituo cha Sheria, wako tangu 1973, na kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa sheria iliyoanzishwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, anza huko. Ukiamua kuja kwa hawa wa ukumbini, beba namba ya kesi, charge shiti na karatasi za hospitali, na kama kuna picha za moto ziprinti saiba kabla hujaja, simu yako hawawezi kubaki nayo. Mmoja wenu ndiye aongee, wengine wakae naye waongezee. Foleni inafungwa saa tano na wakishafunga hawaongezi jina, lakini ukimbeba mzee ama mtoto mgonjwa mwambie kijana wa mlangoni, anakupitisha mbele.